Siri ya Mtungi: Boti ya Pasiwedi Iliyovuruga Grupu Letu Mtwara, na Makosa Matatu Yenye Historia Ndefu

Leo hakuna picha ya staa wala ubuyu wa nani kaachana na nani. Leo kuna ubuyu wa hapa hapa kwetu Mtwara, na wahusika siwataji majina kwa sababu bado tunakutana nao Feri na sokoni. Mmoja nitamwita Fundi, mwingine nitamwita Dada wa Pweza. Wakisoma watajijua. Ila msikimbie, maana ndani ya ubuyu huu kuna historia ya dunia nzima, na kuna jambo linalohusu hiyo simu uliyoishika sasa hivi.

Tuna grupu letu la kuchati, watu kama mia mbili. Wengi wa Chikongola, Shangani na Magomeni, wachache wa Mikindani na Msimbati. Humo ndani ni bei ya korosho, miziki mipya, mpira, na "nani anaenda Dar anibebee kamzigo". Fundi ndiye aliyetutengenezea boti. Sio boti ya kuvukia Msangamkuu, hapana. Ni programu inayokaa ndani ya grupu kama mwanachama, ukiiandikia amri inakujibu. Mwanzo kazi yake ilikuwa kutaja ratiba ya mechi na kuwatoa watu wa matangazo ya kubeti.

Siku moja Fundi akaongeza amri mpya. Ukiandika /siri, boti inakutupia pasiwedi ya herufi na namba 12 zilizochanganywa, kitu kama k7Rw2mXq9TbL. Grupu zima tukashangilia. Watu wakaandika /siri mpaka basi, wengine kwa utani tu, wengine wakaenda kweli kubadilisha pasiwedi zao.

Dada wa Pweza alikuwa mmoja wa waliobadilisha kweli. Huyu dada anauza pweza na dagaa wa kukausha, wateja wake wapo Dar na wengine mpaka Dodoma, wote wamempata kupitia akaunti yake moja tu. Miaka mitatu anaijenga hiyo akaunti. Akaomba /siri, boti ikampa, akaiweka, akafuta ile meseji kwenye grupu. Wiki ya tatu akaamka hawezi kuingia. Jina limebadilishwa, picha zimebadilishwa, na wateja wake wanatumiwa meseji za kulipia mzigo kwenye namba asiyoijua.

Alikuja kwenye grupu asubuhi ile akaandika mstari mmoja tu: "Kaka Fundi, umenifanyia nini?"

Fundi akajibu, "Dada yangu, wallahi sijagusa kitu."

Basi bwana, hapo ndipo grupu likagawanyika. Wapo waliosema Fundi ni mwizi, alitengeneza boti makusudi ili avune pasiwedi za watu. Wapo waliosema dada mwenyewe mzembe. Mimi nilikuwa katikati. Sikusoma chuo, nimeishia kidato cha nne, haya mambo ya kompyuta nimejifunza kwa bando la usiku. Lakini nilimwomba Fundi anionyeshe ile kodi aliyoiandika, akakubali. Nikakuta makosa matatu. Na nilipoanza kutafuta kwenye historia, nikagundua kila kosa lina babu yake.

Kwanza, siri zenyewe ni za zamani

Watu wa huku hawakufundishwa siri na simu. Aliyepita jando au unyago anajua kwamba yapo maneno na nyimbo zinazobaki kule kule, na mtu akijifanya kachezwa wakati hajachezwa, wenyewe wanamjua kwa swali moja tu. Hiyo ndiyo kazi ya pasiwedi: kumtambua aliyekuwepo na asiyekuwepo, bila kumwangalia sura.

Warumi nao walikuwa na ya kwao. Polybius, mwandishi wa historia wa Kigiriki wa karne ya pili kabla ya Kristo, ameeleza jinsi kambi ya jeshi la Roma ilivyokuwa ikipitisha neno la usiku kwa kibao kidogo cha mti, kikosi kwa kikosi, mpaka kibao kirudi kilikotoka kabla ya giza. Kibao kisiporudi, mkubwa anajua kimekwama wapi na nani wa kuulizwa. Kumbuka hilo la kuulizwa, tutalirudia.

Kwetu sisi, siri ya namba imeingia mifukoni kwa watu wote na pesa za simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikafika Tanzania 2008. Ghafla bibi wa kijijini ambaye hajawahi kuwa na akaunti ya benki akawa na namba ya siri ya tarakimu nne. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ukafika Dar es Salaam, intaneti ikaanza kuwa ya watu wengi. Mwaka 2015 ikaja Sheria ya Makosa ya Mtandao. Kisha kuanzia Mei 2019 tukaanza kupanga foleni kusajili laini kwa alama za vidole, na baada ya tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa.

Sasa angalia. Tarakimu nne zinatoa michanganyiko 10,000, kuanzia 0000 mpaka 9999. Sio mbaya, kwa sababu ukikosea mara chache huduma inafungwa. Shida ni sisi. Wengi tunaweka mwaka wa kuzaliwa. Miaka ya kuzaliwa ya watu wazima walio hai haifiki hata mia, na kwa mtu anayekujua sura ni mitatu minne tu ya kubahatisha. Halafu namba ya NIDA yenyewe, zile tarakimu 20, inaanza na mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Kwa hiyo aliyeshika kopi ya kitambulisho chako ameshika na namba yako ya siri. Ndio maana wazo la Fundi lilikuwa zuri. Alitaka tuache kuchagua wenyewe, kwa sababu binadamu hajui kuchagua hovyo. Tukiambiwa tuchague hovyo tunachagua tunachokipenda.

Wazo zuri, utekelezaji ndio ukaja na mambo.

Kosa la kwanza: boti ilijibu mbele ya watu

Ukiandika /siri ndani ya grupu, boti ilikujibu ndani ya grupu. Watu mia mbili wanaiona. Nilimuuliza Fundi kwa nini asiitume faragha, akasema boti hairuhusiwi kumwanza mtu faragha mpaka mtu mwenyewe aianze kwanza, na watu wengi walikuwa hawajaianza. Kwa hiyo akaona isiwe tabu, ijibu pale pale, mtu atafuta mwenyewe.

Kufuta hakusaidii kama mtu ameshaona. Hata dakika moja inatosha kupiga picha skrini.

Babu wa kosa hili anaishi Marekani. Mwaka 1961, kwenye chuo cha MIT, kundi lililoongozwa na Fernando Corbató lilionyesha mfumo ulioitwa CTSS, ambapo watu wengi walitumia kompyuta moja kwa pamoja. Kila mtu alikuwa na mafaili yake, hivyo wakawapa kila mmoja pasiwedi. Mfumo huu ndio unaotajwa kuwa miongoni mwa ya kwanza kabisa kutumia pasiwedi za kompyuta. Haikuchukua muda. Mwaka 1962 mtafiti mmoja pale pale, Allan Scherr, aliona saa alizopangiwa kwa wiki hazimtoshi, akaiagiza kompyuta imchapishie faili lote la pasiwedi. Ikamchapishia. Akaanza kuingia kwa majina ya wenzake, na alikuja kukiri miaka mingi baadaye.

Kali zaidi ni hii. Katikati ya miaka ya 1960, kwenye mfumo huo huo, mafaili mawili yalichanganyika kwa bahati mbaya. Badala ya ujumbe wa kumkaribisha mtumiaji, kila aliyeingia alioneshwa orodha ya pasiwedi za watu wote. Yaani kitu kile kile cha grupu letu, ila wenzetu walikuwa maprofesa.

Kosa la pili: hovyo isiyo hovyo

Hili ndilo lililonichukua muda kulielewa, nisikilize vizuri.

Kompyuta haijui kubahatisha. Ni mashine ya kufuata maagizo. Ukiiambia ikupe namba ya hovyo, inachukua namba moja ya kuanzia, wenyewe wanaiita mbegu, halafu inaipigia hesabu ndefu mpaka majibu yanaonekana kama hovyo. Ukiipa mbegu ile ile, itakupa "hovyo" ile ile, herufi kwa herufi.

Fikiria maji ya bahari. Mgeni akifika Msimbati ataona maji yanajaa na kutoka yanavyojisikia. Leo boti imekaa mchangani saa nne, kesho saa hiyo hiyo inaelea. Lakini muulize mvuvi keshokutwa maji yanajaa saa ngapi. Atahesabu mwezi una siku ngapi, atakuambia kama ni bamvua au maji mafu, na atakutajia saa. Kwa mgeni ni hovyo, kwa mwenye kujua mwezi ni kalenda.

Fundi alitumia saa ya seva kama mbegu, kwa sekunde. Siku moja ina sekunde 86,400. Maana yake anayejua boti inavyofanya kazi, na anayejua siku uliyoomba pasiwedi, hana haja ya kuona meseji yako. Ana pasiwedi 86,400 tu za kujaribu, na kompyuta ya kawaida inaziandaa zote kabla chai haijapoa. Kama anajua na dakika uliyoomba, zimebaki 60. Na dakika inaonekana pale pale kwenye grupu, pembeni ya neno /siri.

Zile herufi 12 zilitudanganya macho. Kwa haki kabisa, ukichanganya herufi kubwa, ndogo na namba, yaani alama 62, hata pasiwedi ya herufi 8 ina michanganyiko kama trilioni 218. Tuseme mwizi anaweza kujaribu bilioni 10 kwa sekunde: hiyo ya 8 inaisha kwa masaa sita hivi, ila ya 12 inamchukua zaidi ya miaka 10,000. Sisi tulidhani tumepewa miaka 10,000, kumbe tumepewa sekunde 60.

Babu wa kosa hili ni wa mwaka 1995. Netscape ndiyo iliyokuwa programu maarufu ya kuperuzi intaneti wakati ule, na watu walikuwa wanaanza kutuma namba za kadi za benki kupitia humo. Wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Ian Goldberg na David Wagner, wakaichokonoa. Wakakuta mbegu yake inatokana na saa pamoja na namba mbili za ndani ya kompyuta zinazoweza kubahatishwa. Siri za ununuzi wa watu zilikuwa zinafunguka ndani ya muda mfupi.

Ukidhani watu walikoma, hapana. Mwaka 2006 mtunzaji mmoja wa mfumo wa Debian aliondoa mistari michache ya kodi iliyoonekana kama uchafu tu. Kumbe ndiyo iliyokuwa inakusanya hovyo ya kweli. Kwa karibu miaka miwili, mpaka Mei 2008, funguo za aina fulani zilizotengenezwa na mashine hizo kote duniani zilibaki na uwezekano 32,768 tu.

Kosa la tatu: boti ilikuwa na kumbukumbu

Hili ndilo lililommaliza Fundi.

Ili kujua boti inapokwama, aliiagiza iandike kila inachotuma kwenye faili. Kila kitu. Ratiba za mechi, salamu, na kila pasiwedi iliyowahi kutoka, na jina la aliyeomba. Faili lile lilikaa kwenye seva yake, wazi, mwenye ufunguo ni yeye peke yake. Anasema hakuwahi kulisoma. Mimi namwamini. Lakini imani yangu haimsaidii kitu, kwa sababu faili lipo.

Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson waliandika jinsi mfumo wa Unix unavyotunza pasiwedi bila kuzitunza. Nitaieleza kwa kimakonde chetu cha jikoni. Ukichukua makopa ya mhogo ukasaga, unapata unga. Unga haurudi kuwa mhogo. Kompyuta inasaga pasiwedi yako, inatunza unga tu. Kesho ukija, inasaga tena ulichoandika, inalinganisha unga kwa unga. Na ili watu wawili wenye pasiwedi moja wasiwe na unga unaofanana, kila mmoja anatiwa chumvi yake tofauti kabla ya kusagwa. Hata wataalamu wanaiita hivyo hivyo, chumvi.

Somo lilikuwepo tangu 1979, lakini mwaka 2009 kampuni moja ya Marekani, RockYou, iliibiwa pasiwedi zaidi ya milioni 32 zilizokuwa zimehifadhiwa kama zilivyo, mhogo mzima bila kusagwa. Iliyoongoza kwa kupendwa ilikuwa 123456, na zaidi ya watu 290,000 walikuwa wameitumia.

Boti ya Fundi hata unga haikuhitaji kutunza. Kazi yake ilikuwa kutoa na kusahau.

Kwa hiyo nani aliiba?

Hatujui mpaka leo. Inawezekana ni mmoja wa wale mia mbili aliyeona kabla haijafutwa. Inawezekana ni mtu aliyeijua mbegu. Inawezekana ni mtu aliyeingia kwenye seva. Makosa matatu, milango mitatu, na huwezi kusema mwizi kapita upi.

Waliomwita Fundi mwizi hawana ushahidi. Lakini waliosema "muacheni, alikuwa anasaidia tu" nao wanakosea. Kumbuka kile kibao cha Warumi. Utaratibu mzuri wa siri haukuishia kulificha neno, ulionyesha pia nani wa kuulizwa na nani hausiki. Fundi alijinyima utetezi mwenyewe. Angekuwa boti haina kumbukumbu, angesema "angalieni, sina kitu" na ingekuwa kweli. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Ukikubali kuwa kata ya mitungi ya watu mia mbili, siku maji yakipungua utaulizwa wewe, hata kama hukuyanywa.

Dada wa Pweza hakuirudisha akaunti yake. Alifungua mpya, akaanza na wateja kumi na moja aliokuwa na namba zao kwenye daftari. Fundi alikwenda nyumbani kwao na mzee wake kuomba radhi, na namheshimu kwa hilo. Walikaa barazani saa nzima. Mama yake dada ndiye aliyesema neno la mwisho: "Mwanangu, mtu akikupa siri yake uisahau. Ukishindwa kusahau, usipokee."

Boti ilivyorekebishwa

Fundi hakuifuta. Aliirekebisha, na aliweka kodi yake wazi kila mtu aisome. Sasa ukiandika /siri kwenye grupu, boti inakujibu "nifuate faragha" na basi. Hovyo yake haitokani tena na saa, inachotwa kwenye mfumo wa simu au kompyuta yenyewe, unaokusanya vurugu nyingi zisizotabirika. Lugha ya Python anayotumia ina kifurushi cha kazi hiyo kinachoitwa secrets, kimekuwepo tangu toleo la 3.6 mwishoni mwa 2016. Mistari miwili tu ya kodi. Na haiandiki kumbukumbu yoyote ya kilichotumwa.

Pamoja na hayo, mimi mwenyewe siitumii, na Fundi anasema nisiitumie. Pasiwedi ikishapita kwenye chati, nakala yake inabaki kwenye chati, hata iwe ya faragha. Boti yake sasa ni ya kufundishia.

Ninachotumia ni dadu za ludo. Mwaka 1995 Mmarekani Arnold Reinhold alitoa njia inayoitwa Diceware: unarusha dadu tano, unapata namba ya tarakimu tano, unaangalia kwenye orodha ya maneno 7,776 neno gani lina namba hiyo. Unarudia mara sita, unapata maneno sita. Hakuna saa, hakuna mbegu, hakuna seva. Sisi na Fundi tunaandaa orodha yetu ya Kiswahili, tumefika maneno elfu mbili na kidogo, ngalawa, kifuu, pilipili, kibatari, hivyo hivyo. Maneno sita ya ajabu yaliyopangwa na dadu unayakumbuka kuliko k7Rw2mXq9TbL, na mwizi hana pa kuanzia.

Kwa sasa, wakati orodha haijaisha, fanya haya machache. Badilisha namba ya siri kama ni mwaka wako. Usimwachie pasiwedi kijana wa dukani aliyekufungulia akaunti. Piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Na zile meseji za "ile pesa tuma kwa namba hii" zisambaze kwenda 15040, ni bure kabisa.

Juzi nilipita kwa Dada wa Pweza, nikamkuta anarusha dadu za ludo za mdogo wake juu ya meza ya samaki, anaandika kwenye kikaratasi. Nikachungulia. Akafunika kwa kiganja, akaniangalia, akasema, "Kaka, nenda zako." Nikaenda zangu. Nilifurahi sana.